Simu Ilikuwa Ng'ambo Gani?

Tuseme yuko mama muuza mahindi pale Lumino, kwenye barabara inayotoka mji wa Busia kuteremkia Majanji ziwani. Shemeji yake wa Funyula, upande wa Kenya, amechukua magunia kumi na mawili kwa mali kauli. Hakuna karatasi iliyotiwa sahihi; ndugu kwa ndugu, nani aanze kudai sahihi? Kuna WhatsApp tu. "Shemeji, mzigo umevuka. Hela lini?" Jibu likaja: "Ijumaa, usiwe na wasiwasi," na kidole gumba kimesimama. Ijumaa tatu zimepita. Sasa shemeji anasema maneno hayo hayajui. Mama anapiga picha ya skrini, anakwenda kwenye kibanda cha kuchapisha, anatoa nakala ya rangi kabisa, anaikunja ndani ya leso na kuipeleka kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji upande wa Uganda.

Mama huyo nimemtunga mimi. Karatasi yake sikuitunga. Kila anayekaa karibu na ofisi ya mwenyekiti, ya chifu au ya wakili ameiona ikikunjuliwa.

Wasamia, watu wa huku, wako pande zote mbili za mpaka. Mto Sio, ambao kwenye ramani ni mpaka wa dola mbili, kwao ni mahali pa kuvuka kwenda kumwona shangazi. Ni huku huku, Busia na Malaba, neno bodaboda lilikozaliwa, enzi baiskeli zilipokuwa zikibeba watu kutoka kizuizi cha upande mmoja hadi cha upande wa pili. Leo ujumbe wa simu unavuka mara nyingi kuliko baiskeli, wala hausimami kwa afisa wa uhamiaji. Ukizuka ugomvi wa deni, wa shamba, wa mahari, au wa matusi ndani ya grupu la ukoo, kila mtu anaingiza mkono mfukoni na kutoa simu: "Ushahidi huu hapa."

Ni ushahidi kweli, lakini wa kitu gani?

Nilimwomba mpwa wangu tufanye jaribio dogo sebuleni. Nilihifadhi namba yake kwenye simu yangu kwa jina la "Chairman", nikaweka picha ya mzee mmoja mwenye kofia kwenye akaunti yake, kisha akaniandikia: "Shamba lile ni lako, nimekubali." Nikapiga picha ya skrini. Kazi nzima haikumaliza muda wa kuchemsha chai. Picha ilikuwa halisi, haikuguswa na programu yoyote ya kuhariri, hata mtaalamu angeipekua asingekuta alama ya kuchezewa. Na bado ilikuwa uongo mtupu. Jina unaloliona juu ya mazungumzo ni jina ambalo mwenye simu amelihifadhi mwenyewe. Aliyeandika hana sauti juu yake. Kinachomtambulisha mwandishi ni namba, na hata namba humtambulisha aliyesajili laini tu. Mpakani, ambako binamu humsajilia binamu laini ili awe na namba ya ng'ambo, kati ya laini na kidole kilichoandika kuna pengo ambalo wakili mzuri atapitisha lori.

Kuna udhaifu mwingine. Tangu Mei 2023 WhatsApp inamruhusu mtu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15. Kufuta kwa wote kulianza 2017 kwa muda wa dakika 7, na sasa mtu ana zaidi ya siku mbili. Faili la maandishi linalotoka ukibonyeza "hamisha gumzo" ni maandishi matupu: mtoto wa darasa la sita anaweza kubadili "sikubali" ikawa "nakubali" kwa kufuta herufi mbili na kuongeza mbili.

Basi kampuni iulizwe! Hapo ndipo wengi wanapopigwa na butwaa. Tangu Aprili 2016 mazungumzo ya WhatsApp hufungwa kwa kufuli ambayo funguo zake ziko kwenye simu mbili tu, ya mtumaji na ya mpokeaji. Kampuni inaweza kuwa na kumbukumbu za akaunti, lakini maneno yenyewe haina. Yamebaki sehemu mbili duniani: mfuko wa mama wa Lumino na mfuko wa shemeji wa Funyula, pamoja na nakala za akiba kama waliziweka. Ndiyo maana wanaochunguza kesi za namna hii hutamani simu zote mbili. Mtu mmoja anaweza kudanganya na simu yake. Kuzifanya simu mbili za mahasimu zikubaliane kwenye uongo uleule, kwa sekunde ileile, ni kazi nyingine kabisa.

Alama ya kidole ya faili

Ndani ya simu, mazungumzo hayakai kama tunavyoyaona. Yamo kwenye hifadhidata, jedwali refu lenye safu na mistari: ujumbe namba fulani, kutoka namba fulani, umetumwa wakati fulani, umefika wakati fulani. Ujumbe ukifutwa, mara nyingi mstari wake haupanguswi papo hapo. Simu huandika tu kwamba nafasi ile sasa iko wazi, kama mwenye nyumba anayebandika "chumba kinapangishwa" huku vyombo vya mpangaji wa zamani bado vimo ndani. Mtaalamu akiwahi, anaweza kuvikuta. Akichelewa, kila video ya kuchekesha inayoingia kwenye grupu inaweza kuwa mpangaji mpya.

Kwa hiyo simu inayohusika huzimwa mawasiliano kwanza, isije ikafutwa kutoka mbali au kujifuta kwa kuendelea kupokea mambo. Kisha hunakiliwa yote, na uchunguzi hufanywa kwenye nakala. Sasa upande wa pili utauliza, na una haki: tutajuaje kwamba nakala hii ndiyo iliyotoka kwenye simu, na haikuongezwa neno njiani kutoka kituo cha polisi hadi mahakamani?

Hapa ndipo hisabati inapotoa kitu kizuri kuliko muhuri wowote wa lakiri niliowahi kuuona. Kinaitwa hashi. Ni kanuni inayomeza faili lolote, liwe neno moja au filamu nzima, na kutema mfuatano wa urefu uleule. Kanuni inayotumika sana leo, SHA-256, hutoa tarakimu na herufi 64. Ukiilisha herufi tatu, "abc", inatoa mfuatano unaoanza na ba7816bf na kuishia na f20015ad. Ongeza herufi moja tu, iwe "abcd", mfuatano unaanza na 88d4266f na kuishia na 6f031589. Hakuna kilichofanana; huwezi hata kukisia kwamba maneno yale mawili ni ndugu. Na leo, kesho, Nairobi au Tokyo, "abc" itatoa jibu lilelile. Kwa hiyo mchunguzi huchukua hashi siku ya kwanza, huiandika kwenye fomu, na siku ya kesi mtu yeyote anaweza kuipiga tena. Ikilingana, hakuna nukta iliyoguswa tangu siku ile. Isipolingana, kuna mtu wa kuhojiwa.

Kanuni hizi nazo huzeeka. Februari 2017 watafiti wa Google na wa taasisi ya CWI ya Amsterdam walitengeneza mafaili mawili tofauti yenye hashi moja chini ya kanuni ya zamani ya SHA-1, na tangu hapo imekuwa aibu kwa maabara kuitegemea hiyo peke yake. Ila tusiibebeshe hashi mzigo usio wake: inasema faili halijabadilika tangu lilipopimwa. Kama lilikuwa uongo kabla ya kupimwa, hashi itaulinda uongo huo kwa uaminifu mkubwa.

Picha za kamera zina hazina yake. Simu inapopiga picha huandika ndani ya faili aina ya simu, saa, na mara nyingi mahali kwa vipimo vya setilaiti. Lakini ukiituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inasindikwa upya kuokoa bando na taarifa hizo huanguka njiani. Ile ile ikitumwa kama hati, hufika na mzigo wake wote. Watu wangapi wameharibu kielelezo chao wenyewe kwa kumforwadia wakili, kisha wakafuta ya asili kupata nafasi kwenye simu? Sidhani kama mawakili wana hesabu.

Sheria za pande zote mbili za Sio zinajua haya, hata kama watu hawajui. Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka rekodi ya kielektroniki iambatane na cheti: kifaa kipi kilitumika, rekodi ilitolewaje, na nani anayewajibika kwa kifaa hicho ametia sahihi. Kifungu cha 78A, kilichoongezwa 2014, kinamwelekeza hakimu apime jinsi rekodi ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na kutumwa, na aliyeiandika alivyotambuliwa. Uganda, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011 inamtwika mzigo wa kuthibitisha uhalisi yule anayeleta kielelezo. Kwa maneno mengine, si kazi ya shemeji kuonyesha kwamba karatasi ni ya uongo. Ni kazi ya mama kuonyesha kwamba ni ya kweli.

Na si wanyonge tu wanaokwama hapa. Septemba 5, 2022, Mahakama ya Juu ya Kenya ilipotoa uamuzi wa kesi ya uchaguzi wa urais, majaji walisema baadhi ya kumbukumbu za seva zilizoletwa na waliopinga matokeo zilikuwa za uchaguzi wa 2017, au za kughushi moja kwa moja. Zilikuwa zimeshaonyeshwa kwenye skrini za nchi nzima.

Saa tatu tofauti

Chukua namba 1,704,067,200. Hivyo ndivyo seva inavyouandika mwanzo wa mwaka 2024: sekunde zilizopita tangu Januari 1, 1970, kwa saa ya Greenwich. Ukigeuza, unapata saa sita kamili usiku ya mkesha. Lakini Lumino na Funyula ziko saa tatu mbele, kwa hiyo simu za huku zinaonyesha 03:00. Na shahidi akiulizwa kizimbani, atasema kwa haki kabisa, "Ujumbe uliingia saa tisa usiku." Mkalimani akiteleza na kuandika tisa ya Kizungu, tayari kuna nyakati tatu kwenye jalada la kesi moja, na mtu anaonekana mwongo kwa sababu babu zake walianza kuhesabu saa jua linapochomoza. Kwangu hili ni kosa dogo kusahihisha na kubwa kusahau.

Mahali ni pagumu zaidi, na hapa Lumino ina mambo ambayo Kampala na Nairobi haziyajui sana. Simu haijui mpaka. Hushika mnara wenye mawimbi yenye nguvu pale ilipo, na anayekaa mpakani amezoea kukaribishwa na kampuni ya nchi jirani akiwa amelala kitandani kwake. Kwa hiyo rekodi inayosema simu ilikuwa kwenye mnara wa Kenya haithibitishi kwamba mwenye simu alivuka.

Zaidi ya hapo, laini ya Kenya inayotumika ugenini ndani ya Uganda kwa kawaida hurudisha data zake kwanza kwenye mitambo ya nyumbani kabla ya kutoka kwenye intaneti. Mtu amesimama sokoni Lumino, jasho la Lumino linamtoka, lakini anwani ya intaneti inayoonekana Facebook ni ya Kenya. Halafu ongeza VPN. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, na wengi wakajifunza VPN kuikwepa. Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi mkuu, Facebook ikafungwa, na VPN ikawa chakula cha kila siku. Kazi ya programu hiyo ni kukufanya uonekane uko kwingine. Mtu wa Majanji anaweza kusomeka kama mtu wa Uholanzi, na wala hana nia mbaya: anataka tu kuona picha za harusi.

Je, mahakama inajali mahali? Inajali sana. Agosti 2019 Mahakama ya Buganda Road, Kampala, ilimtia hatiani Dakta Stella Nyanzi kwa usumbufu wa mtandaoni kutokana na shairi aliloweka Facebook kuhusu Rais Museveni na marehemu mama yake, ikampa kifungo cha miezi 18. Februari 20, 2020, Jaji Henry Peter Adonyo wa Mahakama Kuu alifuta hukumu hiyo. Nchi nzima ilikuwa ikibishana kuhusu matusi, adabu na uhuru wa kusema. Jaji aliangalia jambo kavu zaidi: upande wa mashtaka haukuthibitisha kwamba mahakama ile ilikuwa na mamlaka, maana haukuonyesha kifaa kilichotumika kilikuwa wapi ujumbe ulipoandikwa. Aligusa pia haki ya Nyanzi ya kusikilizwa ipasavyo. Kufikia siku hiyo Nyanzi alikuwa ameshakaa gerezani zaidi ya mwaka mmoja.

Kama swali la "wapi" liliweza kuangusha kesi ya Kampala, katikati ya nchi, litafanya nini Busia, ambako kuvuka mpaka ni kuvuka barabara?

Na "nani" lina safari ndefu zaidi. Wakili wa Kampala, Fred Muwema, alitaka kumjua mtu anayejiita Tom Voltaire Okwalinga, aliyeandika mambo kumhusu kwenye Facebook ambayo wakili aliyaita kashfa. Kesi hakuifungulia Kampala; aliifungulia Dublin, kwa sababu ofisi ya Facebook iliyokuwa ikihudumia sehemu kubwa ya dunia wakati huo ilikuwa Ayalandi. Mwaka 2016 Jaji Donald Binchy alikubali kwanza utambulisho utolewe. Mwaka 2017, baada ya kuonyeshwa kwamba huyo mtu angeweza kuwa hatarini akijulikana, akabadili uamuzi, na Mahakama ya Rufaa ya huko ikaacha ubaki hivyo 2018. Jina halikutolewa. Mimi nadhani jaji alikuwa sahihi, ingawa naelewa hasira ya mtu anayechafuliwa na kivuli.

Kuhusu kidole gumba cha shemeji, Kanada wamekwisha kukisemea. Juni 2023 jaji wa Saskatchewan aliamua kwamba mkulima aliyejibu mkataba wa mbegu za kitani kwa kidole gumba alikuwa ameutia sahihi, akaamriwa alipe zaidi ya dola 82,000 za huko. Uamuzi huo haumfungi hakimu wa Busia. Lakini tazama kilichoubeba: watu hao wawili walikuwa na mazoea ya kukubaliana kwa meseji fupi kwa miaka, na mizigo ilikuwa ikiletwa. Mazoea ndiyo yaliyokipa kidole maana.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko karibu zaidi, Kivu Kusini, Kongo. Septemba 2018 mahakama ya kijeshi iliwahukumu makamanda wawili wa kundi la waasi la FDLR kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya binadamu, na miongoni mwa vielelezo vilikuwa picha zilizopigwa kwa programu iitwayo eyeWitness to Atrocities. Programu hiyo haisubiri kesi ndipo ianze kutafuta uhakika. Picha inapopigwa tu, hapohapo hurekodi saa, mahali na minara iliyo jirani, hupima hashi, na kupeleka nakala kwenye hifadhi ambayo mpigaji mwenyewe hawezi kuigusa. Miaka miwili baadaye, Desemba 2020, Umoja wa Mataifa na Chuo Kikuu cha California walitoa mwongozo wa uchunguzi wa namna hii unaoitwa Itifaki ya Berkeley. Ghuba ya ziwa pale Majanji nayo inaitwa Berkeley kwenye ramani za zamani. Ni majina tu yamegongana, lakini nilicheka nilipoliona.

Turudi kwa mama yetu. Barazani kwa mwenyekiti wa LC1 karatasi yake inaweza kutosha, kwa sababu pale watu wanamjua shemeji na wanajua mahindi yalipakiwa lini. Shida ni kwamba shemeji yuko Kenya, na neno la mwenyekiti wa Uganda halivuki Sio. Kenya kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi 2021: madai yasiyozidi shilingi milioni moja, kesi kumalizika ndani ya siku 60, na sheria yake haiifungi kufuata kanuni kali za ushahidi. Hata wito wa mahakama siku hizi unaruhusiwa Kenya kupelekwa kwa WhatsApp, tangu kanuni za 2020. Huko hatakuwa na majirani wa kumshuhudia. Atakuwa na simu, na kama shemeji aliwahi kumtumia hata malipo ya mwanzo, atakuwa na taarifa ya miamala kutoka kampuni ya pesa za simu, ambayo haina shemeji wala wifi katika ugomvi huu. Karatasi hiyo moja ina uzito kuliko picha kumi za skrini.

Kwa hiyo, msomaji, ikiwa una deni linalonukia kesi: usifute chochote, hata matusi yako mwenyewe. Onyesha namba kamili, si jina ulilolihifadhi. Weka nakala ya akiba leo. Picha tuma kama hati. Na simu hiyo, hata kioo kikiwa kimepasuka na betri imevimba, usimuuzie fundi wa Busia kabla hakimu hajaiona.